Wazee wa Baraza na Kosa la Jaji: Stori ya Kesi za Mauaji Zilizorudi Mwanzo

Jioni ikiingia Jadida, pale Wete, kisiwani Pemba, baraza zinajaa. Kahawa inamiminwa, dhumna zinagongwa, na kesi zinasikilizwa. Nani kamdhulumu nani, nani kamtolea nani maneno, mtoto wa nani kaharibika. Hukumu inatoka kabla kikombe cha pili hakijapoa. Hakuna anayeuliza shahidi alisimama umbali gani wala mwanga ulikuwaje. Baraza ni baraza bwana, mtu anatoa la moyoni kisha anakwenda zake kulala.

Sasa chukulia watu watatu wa baraza kama hiyo. Mmoja fundi cherehani, mmoja mwalimu mstaafu, mmoja mama anayeuza samaki. Waketishe ndani ya chumba cha Mahakama Kuu, mbele yao kijana anayeshtakiwa kuua kwa makusudi, kosa ambalo adhabu yake ni kunyongwa. Mashahidi wanapita siku baada ya siku. Mwisho jaji anawageukia na kuwauliza mmoja mmoja: una maoni gani?

Watu hao wana jina. Vitabuni wanaitwa washauri wa mahakama, mtaani wanaitwa wazee wa baraza, hata kama mmoja wao ni dada wa miaka 30. Wabongo wengi walilisikia jina hilo vizuri mwaka 2017, kwenye kesi iliyotokana na kifo cha nyota wa filamu Steven Kanumba aliyefariki Aprili 2012. Kabla ya hukumu, wazee wa baraza walitoa maoni yao, halafu jaji akamtia hatiani mwigizaji mwenzake kwa kuua bila kukusudia na kumpa kifungo cha miaka 2. Mitandao ilichemka kuhusu kifungo. Wazee wa baraza walipita kama upepo tu.

Lakini nyuma ya hao wazee kuna historia nzito. Kwa miaka mingi, kesi za mauaji zilizokwisha kusikilizwa zilifutwa zote, kuanzia shahidi wa kwanza mpaka hukumu, kwa sababu ya kile ambacho jaji aliwaambia wazee, au alichosahau kuwaambia.

Walitokea wapi?

Mfumo wenyewe haukuzaliwa Pemba wala Dar. Waingereza walipotawala ukanda huu walibeba sheria nyingi walizokuwa wamezipika India, na kukaa na washauri mahakamani kulikuja na mzigo huo huo. Kwao Uingereza walikuwa na juri, yaani raia wanaosikiliza kesi na kuamua wenyewe kama mtu ana hatia. Jaji wa juri anaeleza sheria, kisha anangoja. Wakisema hana hatia, mtu anakwenda nyumbani.

Huku kwetu mambo yaligawanywa kwa rangi. Kenya ya kikoloni, Mzungu aliyeshtakiwa kosa kubwa alihukumiwa na juri ya Wazungu wenzake. Ndivyo ilivyokuwa Nairobi mwaka 1941, kwenye kesi ya mauaji ya Lord Erroll, ile iliyotengenezewa filamu ya White Mischief. Juri ikasema mshtakiwa hana hatia, stori ikaishia hapo. Mwafrika aliyeshtakiwa kuua hakupewa juri. Alipewa washauri, ambao walisikiliza kama juri na kuulizwa kama juri, lakini walichosema hakikumfunga jaji. Angeweza kuwasikiliza wote watatu wakisema "hana hatia", kisha akamtia mtu hatiani.

Wengi hapo huuliza: kama maoni yao hayamfungi, basi akiwaelekeza vibaya kuna hasara gani? Jibu lilitolewa mwaka 1954.

Kesi ya Washington Odindo

Enzi hizo rufani kutoka Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar zilikwenda kwenye Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo neno lililotamkwa na mahakama hiyo lilifika mpaka visiwani. Mwaka 1954, katika kesi ya Washington Odindo, majaji wa rufani waliweka msimamo ambao umenukuliwa na mawakili mpaka wameukariri.

Kwa lugha ya mtaani walisema hivi: maoni ya wazee yanaweza kumsaidia sana jaji, ila kwa sharti moja. Lazima wauelewe ushahidi na wajue sheria inautazamaje ushahidi huo. Jaji asipowaeleza sheria, na asipowaonyesha ni mambo gani hasa ya kuyapima, thamani ya maoni yao inashuka.

Miaka 5 baadaye, kesi ya mauaji kutoka Fiji, visiwa vya mbali kabisa kwenye Bahari ya Pasifiki, ikafika London mbele ya Baraza la Faragha, lililokuwa mahakama ya mwisho ya makoloni. Fiji nao walikuwa na washauri. Kesi inaitwa Bharat, ya mwaka 1959. Pale ikaamuliwa kwamba wazee wakishapotoshwa kwenye jambo la msingi, maoni yao yamekufa, na jaji hawezi kudai kwamba aliyazingatia.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, mahakama ya pamoja ilikwenda nayo. Mwaka 1979 Tanzania ikapata Mahakama ya Rufani yake, inayopokea rufani za Bara na za Zanzibar pia, ukiacha mambo machache kama tafsiri ya Katiba ya Zanzibar na mashauri ya Kiislamu yaliyoanzia kwa Kadhi. Mahakama hiyo mpya ikalichukua wazo la Fiji na kulipigilia msumari mwaka 1982, katika kesi ya Tulubuzya Bituro. Wazee wakielekezwa vibaya kwenye jambo la msingi, kesi hiyo haihesabiki kuwa ilisikilizwa kwa msaada wa wazee. Na jaji akinyamaza kabisa kuhusu jambo hilo, matokeo ni yale yale.

Hapo ndipo mtego ulipo. Sheria ya Bara ilisema kesi zote za Mahakama Kuu zisikilizwe kwa msaada wa washauri wawili au zaidi. Ilisema kwa msaada, na mtu asiyeelezwa anachopima hawezi kusaidia, amekaa pale kama pambo la sebuleni. Kama msaada haukuwepo, basi mahakama yenyewe haikukamilika, na mahakama isiyokamilika haiwezi kumpeleka mtu kitanzini.

Jaji alitakiwa aseme nini?

Baada ya mashahidi wa pande zote, jaji hufanya majumuisho. Anawapitisha wazee kwenye ushahidi, anawaeleza sheria, halafu kila mmoja anatoa maoni yake kwa mdomo na yanaandikwa. Inaonekana kazi nyepesi. Kumbe hapo ndipo kesi nyingi zilipoteleza.

Rudi kwa wale watu watatu wa Jadida. Tuseme shahidi mkuu amesema: "Nilimuona kwa macho yangu, usiku, kwa mwanga wa taa." Wakiulizwa maoni palepale, watajibu kama wanavyojibu barazani: kaonekana, basi kaua. Nani abishane na macho ya mtu?

Lakini sheria inabishana na macho ya mtu. Tangu mwaka 1980, kwenye kesi ya Waziri Amani, Mahakama ya Rufani imeonya kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu, na haufai kumtia mtu hatiani mpaka uwezekano wote wa kukosea uondoke. Shahidi alimtazama kwa muda gani? Walikuwa umbali gani? Taa ilikuwa na mwanga kiasi gani? Alikuwa anamjua kabla, au ilikuwa mara ya kwanza kumuona?

Fundi cherehani akiyasikia maswali haya, anakumbuka kwamba shahidi hakusema kabisa taa ilikuwa kubwa au ndogo. Mama wa samaki anakumbuka kwamba tukio lilikwisha haraka, watu wakikimbia. Mwalimu anakumbuka kwamba shahidi hakumtaja mtu yeyote jina usiku ule. Ushahidi ni ule ule na watu ni wale wale. Kilichobadilika ni kwamba sasa wanajua wanatafuta nini.

Na utambuzi ni jambo moja tu. Kama mshtakiwa anasema hakuwepo eneo la tukio, wazee waambiwe kwamba si kazi yake kuthibitisha hilo. Mzigo uko kwa upande wa mashtaka toka mwanzo mpaka mwisho, bila kuacha shaka ya msingi. Kama kuna maelezo ya kukiri ambayo mshtakiwa anayakana, waelezwe jinsi ya kuyatazama kwa tahadhari. Kama alighadhibishwa ghafla akapiga, waelezwe kwamba hasira ya aina hiyo inaweza kushusha kosa kutoka kuua kwa makusudi hadi kuua bila kukusudia. Na kubwa kuliko yote ni nia ovu, kwa sababu bila hiyo hakuna kosa la kuua kwa makusudi. Jaji aliyesimulia ushahidi vizuri, mwanzo mpaka mwisho, lakini asieleze nia ovu ni nini, alikuwa amewasimulia wazee stori tu.

Makosa mengine yaliyoangusha kesi

Lipo kosa la jaji kusema sana. Katika majumuisho anaachia maneno kama "shahidi huyu aliongea ukweli mtupu" au "utetezi huu hauna kichwa wala miguu". Mahakama ya Rufani ilishakemea hilo. Mzee wa kawaida akishamsikia jaji mwenye joho jekundu akisema anavyoona yeye, unadhani atathubutu kusema kinyume? Anachotoa baada ya hapo ni mwangwi wa jaji.

Lipo kosa la kuwaacha wazee wageuke mawakili. Sheria iliwaruhusu kumuuliza shahidi maswali ili waelewe. Haikuwaruhusu kuuliza maswali ya dodoso, yale ya kumbana shahidi na kumvunja, maana hiyo ni kazi ya upande unaopingana naye. Mzee anayembana mshtakiwa kizimbani ameshachagua upande. Kesi zilibatilishwa kwa sababu kumbukumbu za mahakama zilionyesha wazee wakidodosa.

Na lipo kosa la viti. Mzee aliyesikiliza mashahidi wa mwanzo anaumwa, analetwa mwingine katikati, naye mwisho anatoa maoni juu ya watu ambao hakuwahi kuwaona wakitoa ushahidi. Ni sawa na kumpa mtu aanze tamthilia sehemu ya 40, kisha umuulize nani mbaya.

Bombay, taulo na risasi tatu

Kwa wanaodhani haya ni mambo ya Afrika tu, kuna kesi ambayo wapenzi wa filamu za Kihindi wanaijua bila kujua kwamba wanaijua. Filamu ya Rustom ya mwaka 2016, ya Akshay Kumar, ilitokana na kesi ya Kamanda Nanavati wa jeshi la majini la India. Aprili 1959, Bombay, alimpiga risasi tatu Prem Ahuja, mtu aliyekuwa na uhusiano na mke wake. Kamanda akadai walikuwa wananyang'anyana bastola, ikafyatuka. Upande wa mashtaka ukauliza swali lililobaki kwenye historia: kama walipambana kweli, mbona taulo alilovaa marehemu halikudondoka?

Juri ya watu 9 ilipiga kura, 8 wakasema hana hatia. Mtaani shangwe. Lakini jaji hakukubaliana na uamuzi huo, akaupeleka Mahakama Kuu ya Bombay. Kule majaji walipoyasoma maelekezo ambayo juri ilipewa, wakakuta yana makosa ya msingi, likiwemo suala la nani alipaswa kuthibitisha kwamba ilikuwa ajali. Uamuzi wa juri ukawekwa kando, kamanda akatiwa hatiani na kufungwa maisha. Mahakama ya Juu ya India ikabariki hilo mwaka 1961. Baadaye, mwaka 1964, akasamehewa.

Ona tofauti. Bombay, maelekezo mabaya yalimwachia mtu huru, rufani ikamrudisha ndani. Tanzania kosa la aina hiyo mara nyingi liligunduliwa baada ya mtu kuhukumiwa kifo. Kwa vyovyote, kosa lilianzia sehemu moja: kinywani mwa jaji, kabla watu wa kawaida hawajafungua vinywa vyao.

Kesi ikifutwa, nini kinafuata?

Watu wengi husikia "kesi imefutwa" wakadhani mshtakiwa amechomoka. Si lazima. Mahakama ya Rufani ikishabatilisha mwenendo, inabaki na njia mbili: kuamuru kesi isikilizwe upya mbele ya jaji mwingine na wazee wengine, au kumwachia mtu.

Kipimo kilitolewa mwaka 1966 katika kesi ya Fatehali Manji, bado enzi za mahakama ya Afrika Mashariki. Kesi isikilizwe upya pale tu ambapo usikilizaji wa kwanza ulikuwa batili au una kasoro, na haki inadai hivyo. Isirudiwe ili upande wa mashtaka upate nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wao. Mtu asiandaliwe mtihani wa pili kwa sababu mwalimu hakujiandaa kwenye wa kwanza.

Matokeo yake, watu wawili wenye kesi iliyoharibika kwa kosa la aina moja waliweza kupata miisho tofauti kabisa. Mmoja, ushahidi dhidi yake ukionekana mzito, alirudi mahabusu kungoja kuanza moja. Mwingine, ushahidi ukionekana mwembamba, alitoka akaenda kwao.

Na anayerudi mwanzo anarudi na nini? Miaka imepita. Shahidi mmoja amefariki, mwingine amehama na hapatikani, wa tatu amesahau taa ilikuwa upande gani. Mama wa marehemu, aliyekwisha kulia mahakamani mara moja, anaitwa tena kusimulia usiku ule ule mbele ya watu wapya. Mke wa mshtakiwa, aliyekwisha kuambiwa mume wake atanyongwa, anaambiwa sasa asubiri tena. Wote hawa hawakukosea kitu. Aliyekosea alikuwa mtu mwenye elimu kuliko wote chumbani, na kosa lenyewe huenda lilikuwa aya moja ambayo hakuiandika.

Ndiyo maana mfumo ulianza kuchokwa. India iliachana na washauri mwaka 1955, na juri nayo ikafuata baadaye. Kenya iliwaondoa washauri mwaka 2007. Uganda bado wanao. Tanzania Bara, sheria ilibadilishwa mwaka 2022, na kuanzia hapo si lazima tena jaji wa Mahakama Kuu akae na wazee kwenye kesi ya jinai. Waliochoshwa na kesi kurudi mwanzo walishusha pumzi.

Kilichoondoka pamoja nao

Lakini kuna kitu cha kukiangalia kabla ya kushangilia. Majumuisho kwa wazee yalikuwa kazi ya pekee. Yalimlazimisha jaji, kabla hajaandika hukumu, ayaseme mambo magumu ya sheria kwa lugha ambayo mama wa samaki ataielewa. Jambo ambalo jaji mwenyewe hakulifikiria lilionekana palepale kwenye karatasi kama pengo, na wakili wa rufani akaliona. Nyingi ya kesi zilizofutwa zilifutwa kwa sababu pengo lilikuwa wazi, mtu yeyote angeweza kulionyeshea kidole.

Siku hizi jaji akikaa peke yake, anajielekeza mwenyewe. Maswali ya Waziri Amani bado yapo, nia ovu bado lazima ithibitishwe, mzigo bado uko kwa mashtaka. Vyote hivyo vinatakiwa kuonekana ndani ya hukumu yake, na rufani bado inaweza kumkamata akivikosa. Ila chumbani hamna tena mtu wa kawaida aliyekaa pembeni yake, anayetakiwa kueleweshwa kwanza.

Kule Jadida baraza itaendelea kutoa hukumu zake, na hakuna atakayenyongwa kwa ajili yake. Barazani unaweza kutoa maoni bila kuelezwa kitu, ndio utamu wake. Mahakamani, tangu 1954, maoni ya mtu yalihesabiwa kwa kadiri alivyoeleweshwa. Na aliyepaswa kumwelewesha akikosea, aliyelipa hakuwa yeye.